Nakala ya Pili Ilale Wapi

Msimu wa mvua ukianza, watu wa Kamembe, upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu, huchomoa televisheni mapema. Mawingu yakishajikusanya juu ya Kabare, upande wa Kongo, na kuanza kuvuka ziwa, hakuna anayengoja radi ipige ndipo akumbuke waya uliochomekwa ukutani. Desturi hiyo ina sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohesabu miale ya radi kwa setilaiti kwa muda wa miaka 16, uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela katika nafasi ya kwanza duniani, na milima ya mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Kivu, ikafuata. Televisheni ikiungua hununuliwa nyingine. Kompyuta nayo, kwa jasho zaidi, hununuliwa nyingine. Lakini picha za harusi ya wazazi, tasnifu iliyoandikwa kwa miaka miwili, hesabu za ikimina, yaani kikundi cha kuweka akiba, zenye michango ya kila mwanachama tangu mwanzo, hayo hayauzwi dukani.

Anayetaka kuhifadhi mafaili yake kwa kawaida huanza kwa kuuliza kifaa: ninunue flashi, ninunue diski ya nje, au nilipie nafasi kwenye intaneti? Naomba tuanze mahali pengine. Jiulize kwanza ni mambo gani yanaweza kuipata kompyuta yako hapa unapoishi, kisha kwa kila jambo jiulize: likitokea leo, litachukua nakala moja au zote? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuchagulia kifaa.

Hapa Rusizi, wilaya yenye mji wetu wa Kamembe, orodha haihitaji kubuniwa. Radi tumeshaitaja. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba na makanisa Rusizi na Nyamasheke, likatikisa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, vilevile, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, watu walivuka mpaka kuja upande huu na kile walichoweza kubeba. Hayo ni makubwa. Yaliyo madogo hutokea kila wiki: mwizi, chai iliyomwagika juu ya kibodi, umeme unaokatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika faili, virusi vilivyopandia kwenye flashi ya kuchapishia, mtoto aliyefuta folda akidhani ni mchezo, na diski iliyochoka tu kwa umri.

Sasa angalia namna nyumba nyingi zinavyohifadhi. Laptopu iko mezani, diski ya nje imechomekwa kando yake mchana na usiku, na zote mbili zinapata umeme kutoka soketi ileile. Mwenye nyumba anaamini ana nakala mbili. Mbele ya radi ana moja. Mbele ya mwizi ana moja, kwa sababu mwizi hachagui, hukumba vyote na kuvitia katika begi moja. Mbele ya virusi vinavyofunga mafaili kwa ufunguo na kudai fedha, kama vile WannaCry vilivyosambaa duniani Mei 2017, ana moja pia, kwani virusi vya namna hiyo hufunga kila diski vinayoikuta imeunganishwa. Fedha za diski zimetumika, na ulinzi uliopatikana ni dhidi ya mambo madogo tu, kama diski ya ndani kuchoka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina gharama yoyote. Diski ya nje ichomekwe wakati wa kunakili tu. Kazi ikiisha, iamuru kompyuta iitoe salama, chomoa waya, na uiweke chumba kingine, ndani ya mfuko usiopitisha maji, mbali na paa la bati linalochemka mchana. Ukiishi Bugarama, ambako joto ni kali kuliko huku juu Kamembe, jambo hilo la joto lipe uzito zaidi. Na usinakili mvua ikinguruma.

Kabla ya kuzungumzia vifaa, tuseme kidogo kuhusu kinachostahili kuhifadhiwa, maana hapa ndipo watu hupoteza nafasi na fedha. Si kila kilicho kwenye kompyuta kina thamani sawa. Filamu ulizonakili kwa rafiki zinapatikana tena. Programu zinapakuliwa upya. Vyeti vingi vya serikali siku hizi huombwa kupitia tovuti ya Irembo, na ukipoteza nakala utaomba nyingine. Ni usumbufu, lakini si msiba. Weka upande wa pili yale ambayo duniani yako kwako peke yako. Picha ulizopiga mwenyewe. Sauti ya bibi akisimulia, iliyorekodiwa kwa simu. Video ya gusaba na gukwa, yaani sherehe za posa na mahari, ambayo mpiga video alikupa kwenye DVD na huenda ameshaifuta kwake. Maandishi yako. Hesabu za ushirika wa wavuvi wa sambaza au wa wakulima wa kahawa, kama wewe ndiye mwandishi wao. Ukiyakusanya hayo katika folda moja yenye jina la wazi, mara nyingi utakuta hayajazi hata robo ya diski.

Nchi hii inajua kuliko nyingi maana ya kukosa picha. Wapo manusura wengi wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa 1994 ambao hawana hata picha moja ya mzazi au ya ndugu, kwa sababu nyumba ilichomwa na kila kilichokuwamo. Katika jumba la kumbukumbu la Gisozi, Kigali, lililofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba kilichotundikwa picha za familia zilizotolewa na jamaa za waliouawa. Nyingi ni picha za kawaida kabisa: mtu amesimama mbele ya nyumba, mtu amevaa vizuri siku ya sherehe. Aliyezipiga hakujua kwamba siku moja zingekuwa alama pekee ya sura ile. Baadhi ya picha za namna hiyo zimebaki kwa sababu nakala ilikuwa kwa shangazi wa mkoa mwingine, au ilitumwa kwa barua kwa rafiki wa ng'ambo. Nalisema hili kwa heshima, wala si kutisha mtu. Anayenakili picha za familia yake na kuzipeleka kwa ndugu anayeishi mbali anafanya kazi yenye uzito, hata kama inaonekana ni kucheza na waya.

Tuje kwenye vifaa. Flashi ni nafuu, inaingia mfukoni, na kila papeteri, yaani duka la kuchapishia, inaijua. Kwa kubeba kazi kutoka nyumbani kwenda kuchapisha inatosha. Kwa kuhifadhi peke yake haitoshi. Inapotea upesi, inavunjika shingo, na ikikaa miaka bila kutiwa umeme inaweza kuanza kusahau ilichokiandika. Tena sokoni kuna flashi za uongo: kifuniko kimeandikwa terabaiti mbili, kompyuta nayo inaonyesha terabaiti mbili, lakini ndani mna gigabaiti 32 au chini ya hapo. Unanakili, haikugombi, na kinachozidi nafasi halisi kinapotea kimyakimya. Bei ikiwa ndogo mno kwa ukubwa ulioandikwa, iache. Na uliyoinunua, ijaze kwanza na mafaili yasiyo na thamani, kisha ufungue la mwisho. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayofanya jaribio hilo yenyewe. Ushauri mwingine kuhusu flashi: ya kupeleka papeteri iwe ya papeteri tu. Ile yenye nakala za nyumbani isichomekwe kwenye kompyuta inayopokea flashi za mji mzima.

DVD ilikuwa njia nzuri wakati wake. Sasa laptopu nyingi mpya hazina mahali pa kuiingiza, na zilizochomwa miaka ya 2000 zinaanza kukataa kusomeka. Kama una DVD za harusi kabatini, tafuta fundi mwenye kisomaji na uzihamishe mwaka huu.

Diski ya nje ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi iwe msingi. Ya terabaiti moja inabeba maisha ya familia nzima na nafasi ikabaki. Kuna aina mbili: yenye sahani inayozunguka ndani, na isiyo na kinachozunguka, yaani SSD. Ya sahani ni nafuu zaidi kwa kila gigabaiti, lakini haipendi kuangushwa, hasa ikiwa inafanya kazi. SSD inavumilia mitikiso na ni ya kasi, ila si ya kufungia kabatini miaka mingi bila kuiwasha. Kwa nakala itakayokaa nyumbani na kuguswa kila wiki mbili, ya sahani inatosha kabisa. Usiichukulie kuwa ya kudumu milele. Ikishatimiza miaka mitano hivi, ichukulie kuwa imezeeka hata kama bado inaunguruma vizuri, na ununue nyingine kabla haijakuaga.

Namna ya kunakili ina maana sawa na kifaa chenyewe. Wengi hukokota folda na kuandika juu ya ile ya zamani. Tatizo lake huonekana baadaye. Jedwali la ikimina linaharibika mwezi wa tatu, safu moja imefutika, hakuna aliyeona; mwezi wa sita mwanachama anauliza mchango wake, nawe unafungua nakala na kukuta ni ileile iliyoharibika, umeinakili kwa uaminifu mara kadhaa. Unahitaji kifaa kinachotunza matoleo ya zamani. Windows ina File History, na kompyuta za Apple zina Time Machine. Zote zimo tayari, hazilipiwi, na ukishazielekeza kwenye diski zitahifadhi toleo jipya bila kuandika juu ya la zamani. Asiyetaka kujifunza hizo aanzishe folda mpya kila mwezi yenye jina la mwaka na mwezi, mfano 2026-03, na asifute za nyuma hadi mwaka upite. Ni njia ya kizamani, lakini inafanya kazi na hata mtoto wa sekondari anaielewa.

Kisha intaneti, au wingu kama inavyoitwa. Faida yake kubwa kwa mtu wa Rusizi ni moja: iko mbali. Tetemeko la Kivu halifiki huko, wala mwizi wa Kamembe. Lakini kabla ya kumwaga kila kitu huko, piga hesabu. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 bure, na humo ndimo barua pepe na picha za simu hugombania nafasi. Ikijaa, hata barua mpya haziingii. OneDrive hutoa gigabaiti 5. Na kupandisha si sawa na kupakua. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde, gigabaiti 100 za picha na video zitachukua zaidi ya siku nne na nusu, usiku na mchana, bila umeme kukatika wala bando kuisha. Diski ya nje inazinakili gigabaiti hizohizo 100 katika muda usiofika saa moja. Ndiyo maana nawashauri watu wa kipato cha kawaida waliachie wingu kazi ndogo na muhimu: maandishi, hesabu, skani za hati, na picha mia chache zilizochaguliwa kwa makini. Video nzito ziende kwenye diski.

Tena wingu si anga. Ni jumba lenye mashine, katika mji fulani, chini ya paa fulani. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na mfumo walioutumia watumishi wa umma kutunza kazi zao, ulioitwa G-Drive, ukateketea na terabaiti 858 za data. Nakala ya nje haikuwapo. Mfumo ulionekana mkubwa mno kunakiliwa. Kama taifa lenye utaalamu wa Korea linaweza kukosea hapo, usimpe mtoaji huduma yeyote nakala yako ya pekee.

Kuna mtego mwingine huko ambao huwaumiza hata wanaojiona waangalifu. Programu nyingi za wingu hazihifadhi, zinalinganisha. Ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutwa na kule. Mtoto akifuta folda Jumatatu, wingu linatii Jumatatu hiyohiyo. Google Drive huweka vilivyofutwa katika pipa la taka kwa siku 30 tu, kisha basi. Isitoshe, Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Akaunti uliyoifungulia picha za marehemu baba na usiyoigusa tena iko katika hatari hiyo. Ingia angalau mara chache kwa mwaka.

Wakazi wa mpakani wana hatari yao ya peke yao, na ni nadra kuisikia katika ushauri unaoandikwa mbali. Wengi wetu tuna laini mbili, ya Rwanda na ya Kongo. Akaunti ilifunguliwa miaka ile kwa namba ya Bukavu, laini ikaachwa, na namba ikaweza kupewa mtu mwingine. Siku utakapotaka kuingia kutoka kompyuta mpya, msimbo wa uthibitisho utatumwa kwenye namba isiyo yako tena. Leo fungua mipangilio ya akaunti, weka namba unayoitumia sasa, na uchapishe namba za akiba za kuingilia zinazotolewa humo. Karatasi hiyo itunze pamoja na hati za nyumba.

Hilohilo linahusu kompyuta mpya za Windows 11, ambazo nyingi hufunga diski ya ndani kwa ufunguo zenyewe bila mwenye kompyuta kujua. Ni ulinzi mzuri dhidi ya mwizi. Lakini radi ikiunguza bodi ya kompyuta na fundi akaitoa diski ikiwa nzima, hataweza kuisoma bila ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida uko katika akaunti yako ya Microsoft. Utafute wakati kompyuta ni nzima, uuchapishe, uuweke pamoja na karatasi ile nyingine, na mwenzi wako ajue ilipo.

Basi nakala ya mbali iwe wapi, kwa yule mwenye video nyingi na bando dogo? Njia bora niijuayo ni diski mbili na ndugu mmoja. Diski ya kwanza inalala nyumbani kwako. Ya pili inalala kwa dada au shemeji aliyeko Kigali, Huye au Muhanga. Akija likizo, au wewe ukienda kumsalimu, mnabadilishana: iliyojaa mapya inakwenda, ya zamani inarudi kunakiliwa upya. Basi linalopita msitu wa Nyungwe hubeba terabaiti nzima kwa siku moja, na mabando yetu mengi ya nyumbani hayawezi kupandisha kiasi hicho kwa siku. Kwa kuwa diski hiyo itakuwa nje ya mikono yako, ifunge kwa nenosiri. VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi hiyo. Ukiwa na skani za vitambulisho vya wateja au wanachama, hilo si hiari: sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi inakudai uzilinde.

Wengine huuliza kama Bukavu haitoshi, kwa kuwa wana kaka huko na ni mwendo wa daraja tu. Inatosha dhidi ya mwizi na moto wa nyumba. Dhidi ya tetemeko, Bukavu na Kamembe ni sehemu moja, kama 2008 ilivyoonyesha. Na mpaka hufungwa. Mwaka 2020 wakati wa korona watu wa pande mbili walikaa muda mrefu bila kuvuka kwa kawaida. Anayeishi Bukavu na kufanya kazi Kamembe naye afikirie vivyo hivyo, kwa kugeuza upande. Na diski ya nyumbani iwe ndogo ya kuingia mfukoni, ikae mahali pamoja na pasi ya kusafiria na vyeti vya watoto, ili siku ya kuondoka kwa haraka isitafutwe.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliwahi kuieneza kanuni inayotajwa sana na mafundi: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja iwe nje ya nyumba. Ni kanuni njema, na ukiifikia, vizuri sana. Ila nisingependa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiyeweza kununua diski aisome na kukata tamaa. Yeye ajitumie tasnifu kwa barua pepe kila jioni anapomaliza kuandika, akibadilisha tarehe katika jina la faili, na flashi moja aiache kwa rafiki wa chumba kingine. Tasnifu ni megabaiti chache. Barua pepe inazibeba bila shida. Mwenye papeteri au studio ya picha, kwa upande mwingine, anakula kwa mafaili ya watu, na kwake diski mbili zinazobadilishana ni gharama ya kazi, sawa na wino na karatasi.

Limebaki jaribio, na wengi huliruka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala. Mara mbili kwa mwaka, labda kiangazi cha Julai na tena Januari, peleka diski yako kwa jirani mwenye kompyuta nyingine, iliyo safi na isiyo na virusi. Usitazame majina ya folda tu. Fungua picha za mwaka wa kwanza na za mwezi uliopita. Ianzishe video, kisha iruke hadi katikati na mwisho. Fungua jedwali la hesabu na ulinganishe jumla na daftari la karatasi. Jaribu nenosiri kwa mkono, bila kompyuta yako kulikumbuka kwa niaba yako. Ukikuta faili halifunguki, usinakili kitu kingine juu ya diski hiyo wala kuirekebisha palepale. Chomoa, rudi kwenye kompyuta ya nyumbani ambako faili la awali lingali zima, na uanze nakala mpya kwenye diski nyingine kabla ya kulala siku hiyo.